Maziwa ya Moto Kwenye Friza

Tarehe 24 Desemba, nyumbani kwetu Kisumu, sufuria ya maziwa hutangulia kila kitu. Kuku bado anazunguka uani, unga wa chapati bado uko kwenye pakiti, na mabasi ya wanaotoka Nairobi ndiyo kwanza yanateremka kutoka Kericho, lakini mama ameshabandika maziwa. Huyaacha yapande, huyapuliza yashuke, yapande tena. Hutia sukari kwa kipimo anachokijua mkono wake tu, hutia matone ya vanila, na kwenye kila kikombe hutanguliza vipande vya embe, kwa kuwa Desemba embe ni tele na bei yake haimtishi mtu. Kisha humimina, huchomeka kijiti, na kazi imekwisha. Hiyo ndiyo aiskrimu yetu ya Krismasi. Haina krimu wala haihitaji mashine, na sijawahi kula nyingine ninayoipenda kuliko hiyo.

Nilipokuwa mdogo tulimimina kwenye vijifuko vya plastiki tukavifunga fundo, nasi tukanyonya kutoka kwenye pembe iliyong'atwa. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, mama hutumia vikombe vidogo vya bati vilivyokuwa vya chai. Naona bati limeiboresha aiskrimu, kwa sababu hupitisha joto upesi kuliko plastiki, na ubaridi wa friza huyafikia maziwa bila kucheleweshwa mlangoni.

Kila mwaka kuna jambo moja linalobishaniwa jikoni, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mama hangoji maziwa yapoe. Huyatia kwenye friza yakiwa bado yanafuka mvuke. Sababu yake ya kwanza ni ya watu wa hapa: stima hupotea bila kuaga, na kikombe kilichoingia saa sita mchana kina usalama kuliko kile kilichokaa mezani hadi jioni. Sababu ya pili huitoa kama mtu anayesema jua huchomoza upande wa Nyando: "Ya moto hushika haraka." Shangazi yangu, aliyefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, hawezi kulisikia neno hilo akanyamaza. Maji ya moto yashike kabla ya maji baridi kwa njia gani, ilhali yana safari ndefu zaidi?

Krismasi iliyopita binti yangu wa miaka tisa alisimama katikati yao, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, halafu akaniangalia mimi.

"Baba, dana anasema kweli?" Dana ndivyo amwitavyo bibi yake.

Mdomo wangu ulikuwa tayari kumpa shangazi ushindi. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo akili ya kawaida inavyosema. Lakini nilimkumbuka kijana mmoja wa Tanganyika aliyejibiwa hivyohivyo na waliomzidi elimu, na jibu langu nikalimeza.

Jina lake ni Erasto Mpemba. Binti yangu alidhani nazungumza juu ya mtu wa kisiwa cha Pemba, na kosa hilo ni halali kwa yeyote anayejua Kiswahili, lakini hapa ni jina la mtu tu. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi wa pale walikuwa na desturi inayofanana sana na ya mama: walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia kwenye friji ya shule yawe aiskrimu. Friji ilikuwa moja, wavulana wengi, na nafasi iligombewa.

Siku moja Mpemba alikuwa anachemsha yake alipomwona mwenzake akitaka kuiwahi nafasi. Mwenzake huyo hakuyachemsha maziwa hata kidogo. Aliyakoroga na sukari yakiwa baridi, akayamimina, akayaweka. Mpemba akaona akingoja yake yapoe atakosa mahali. Akaamua kuihatarisha friji, akayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu, hayajashika.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia imekuwaje. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba alikubali, kama sisi sote tunavyokubali.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika hadithi hii inakuja baadaye, katika mji wa Tanga. Huko Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu na kuiuza. Wakazungumza habari za kazi, na rafiki akamweleza kwamba yeye huyaweka maziwa yakiwa ya moto, ili yagande upesi. Kwa mtu huyo lilikuwa jambo la kila siku, kitu ambacho muuzaji anakijua kwa sababu wateja wanangoja na jua ni kali. Nikimfikiria namwona mama. Watu wawili hawa hawakuhitaji sura ya joto katika kitabu cha fizikia, na wote wawili wameona kitu kimoja kwa macho.

Mpemba alipoendelea na masomo ya juu huko Mkwawa, Iringa, darasa lilifika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa: kadiri kitu kinavyokizidi joto kile kinachokizunguka, ndivyo kinavyopoteza joto kwa kasi. Akauliza tena. Mwalimu wa huko naye akakataa, na kijana alipozidi kubisha akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo ikawa mzaha wa darasa. Akikosea hesabu, ilikuwa hesabu ya Mpemba. Akikosea lolote, lilikuwa la Mpemba.

Nimewahi kuona watoto wakinyamazishwa kwa mizaha midogo kuliko huo, nao hawakuuliza tena hadi walipomaliza shule. Yeye aliingia kwenye maabara ya baiolojia siku aliyoikuta wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Aliporudi aliona barafu zaidi kwenye ile iliyokuwa ya moto.

Kisha mgeni akaja shuleni. Alikuwa Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, enzi ambazo Dar es Salaam, Nairobi na Makerere zilikuwa bado chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Alitoa hotuba, akakaribisha maswali. Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vyenye maji kiasi kimoja, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza. Kwa nini?

Wanafunzi wakacheka. Osborne hakuamini, na baadaye alikiri kwamba alidhani kijana amekosea. Hata hivyo alimwuliza kama amelijaribu mwenyewe, na aliposikia amelijaribu, akaahidi kwamba naye atalijaribu akirudi Dar. Alimwachia kazi fundi wa maabara. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, lakini asiwe na shaka, wataendelea kurudia hadi wapate jibu lililo sahihi. Sina nia ya kumcheka fundi huyo. Mtu mzima mwenye ujuzi alisoma namba kwa macho yake na bado akaamini kwamba namba ndizo zilizokosea. Hivyo ndivyo tulivyo wengi wetu.

Walirudia, na jibu halikubadilika. Katika majaribio yao, maji yaliyoanza na nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda, na yaliyoanza karibu nyuzi 90 yaliwahi sana. Mwaka 1969 makala yakatoka katika jarida la Physics Education, yakiwa na majina mawili juu yake, Mpemba na Osborne. Wakati huo Mpemba alikuwa anasomea usimamizi wa wanyamapori katika chuo kilicho karibu na Moshi, na wanyamapori ndio waliokuwa kazi yake baadaye. Dunia nzima sasa hulitaja jambo hilo kwa jina lake: athari ya Mpemba.

Yeye hakuwa wa kwanza kuliona. Aristotle aliligusia zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Francis Bacon akaliandika mwaka 1620, na Descartes mwaka 1637. Lakini sayansi ilipoanza kupima joto kwa makini, maneno hayo ya wazee yaliwekwa kando kama imani za kale, na ilibidi mvulana anayegombea nafasi kwenye friji ayarudishe mezani.

Sasa turudi kwenye hoja ya shangazi, kwa sababu hoja yake ni nzito na haistahili kupuuzwa. Chukua watu wawili wanaokwenda Dunga ufukweni kwa miguu. Mmoja anaanzia Kondele, mwingine anaanzia Nyalenda, ambako ni karibu zaidi. Wa Kondele anaweza kukimbia, na kanuni ya Newton inakubali akimbie, kwa sababu kilicho moto sana hupoa kwa kasi mwanzoni. Lakini lazima apite Nyalenda. Atakapofika Nyalenda, mwenzake atakuwa ameshaondoka zamani. Kuanzia hapo njia ni ileile na mwendo ni uleule. Atampitaje?

Maji ya nyuzi 100 lazima yapite nyuzi 35 kabla ya kufika sifuri. Yakifika nyuzi 35, yamekuwa sawa na yale yaliyoanzia nyuzi 35, ila yamechelewa. Kwa hesabu hiyo mama hawezi kushinda kamwe.

Mlango pekee wa kutokea ni huu: pengine maji yanayofika nyuzi 35 yakitoka juu si sawa na maji yaliyoanzia nyuzi 35. Pengine njiani yamebadilika. Mtu wa Kondele ametupa mzigo wake njiani, amevua viatu vizito, au amekuta pikipiki. Utafiti mwingi wa zaidi ya miaka 50 tangu makala ya 1969 umekuwa ukiuliza swali hilo: ni kitu gani kinachobadilika njiani?

Wengine walisema ni mvuke. Kikombe cha moto kisicho na mfuniko hupoteza maji kwa mvuke, kikabaki na maji machache ya kugandisha, na mvuke ukiondoka huondoka na joto jingi. Yeyote aliyepuliza uji anajua hilo. Wengine walisema ni hewa: maji yaliyochemka hufukuza hewa iliyoyeyuka ndani yake, na huenda maji yasiyo na hewa huganda kwa namna nyingine. Mpemba na Osborne walivichunguza vyote viwili wakaona havitoshi kueleza tofauti waliyoipata. Walichokiona ni kwamba joto jingi lilitokea juu, kwenye uso wa maji. Maji ya moto huzunguka ndani ya chombo, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka, na mzunguko huo huufanya uso ubaki na joto kuliko chini, hivyo uendelee kulitoa joto nje kwa kasi.

Kuna jambo la ajabu zaidi, ambalo ukiwa na friza unaweza kuliona mwenyewe. Maji hayalazimiki kuganda yakifika nyuzi sifuri. Yakiwa safi na yametulia yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri yakiwa bado maji. Barafu huhitaji pa kuanzia: chembe ya vumbi, mkwaruzo kwenye chombo, mtikisiko. Huenda umewahi kutoa chupa ya maji kwenye friza ikiwa bado maji matupu, ukaigonga mezani, na ikageuka barafu mbele yako. Kwa hiyo vikombe viwili vikifika sifuri kwa wakati mmoja, kimoja kinaweza kushika mara moja na kingine kikangoja dakika nyingi. Bahati tu ya pa kuanzia inaweza kumpa ushindi aliyechelewa.

Lakini maelezo ninayoyaamini zaidi kwa friza yetu ni ya umande ulioganda. Mama huiyeyusha friza mara mbili kwa mwaka, na ikifika Desemba ukuta wake na sakafu yake vimevaa koti jeupe la barafu nyepesi, nene kama kidole. Barafu ya namna hiyo imejaa hewa, na hewa hupitisha joto kwa shida, ndiyo maana blanketi linatupasha joto. Kikombe baridi ukikiweka juu yake kitakaa juu ya blanketi. Kikombe cha moto huyeyusha koti hilo, huzama, hugusa chuma chenyewe, na maji yaliyoyeyuka yakiganda upya hukishika kikombe kama simenti. Tangu hapo joto lina njia ya wazi ya kutokea. Mtu wetu wa Kondele amekuta pikipiki.

Ningependa niishie hapo na kumpa mama kombe, lakini nisingekuwa mkweli. Mwaka 2016 watafiti wawili nchini Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu mkubwa, wakitazama muda ambao maji huchukua kushuka hadi nyuzi sifuri. Hawakuona athari yoyote ya Mpemba. Waliona pia kwamba ukikiweka kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ya kile cha chombo cha pili, unaweza kuipata athari ambayo haipo. Sentimita moja! Miaka minne baadaye, wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer, walichukua punje ya kioo ndogo isiyoonekana kwa macho, wakaiongoza kwa mwanga wa leza ndani ya maji, na wakaonyesha bila ubishi kwamba kitu kilichoanza na joto zaidi kinaweza kuwahi kupoa, na kupoa kwa kasi kubwa sana. Walifanya majaribio hayo kwa punje, si kwa barafu. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana katika maumbile. Kwa kikombe cha maji, bado watu wazima wenye shahada wanabishana kama shangazi na mama.

Nilimweleza binti yangu hayo yote kwa maneno machache kuliko haya. Akauliza swali ambalo nadhani lingempendeza Mpemba: "Kuganda ni kuganda kupi? Ukoko wa juu au kikombe kizima?" Kumbe hata hilo hatukuwa tumelikubaliana. Shangazi, ambaye ualimu haujamtoka, akaleta daftari.

Walichemsha maji sufuria moja, nusu wakaiacha ipoe, nusu wakaitumia ya moto. Kwa nini wasichukue ya bomba? Shangazi alisisitiza: yakiwa yote yamechemka, tofauti itabaki ya joto peke yake. Vikombe vilikuwa vya aina moja, maji yakapimwa kwa kijiko. Kwa jinsi Kisumu ilivyo juu, kama mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwetu karibu nyuzi 96, hayafiki 100, na hilo lilimshangaza kila mtu jikoni, nikiwemo mimi. Mara ya kwanza vikombe vya moto vilishindwa. Mara ya pili waliviweka juu ya lile koti la umande ulioganda, na kimoja cha moto kilitangulia kufunga ukoko, majirani zake wakachelewa. Mama alitazama, akasema tu kwamba yeye alishasema.

Wakati wakingoja, nilimpa binti yangu hesabu moja inayoeleza mambo mengi ya ziwani. Kupoza kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kuondoa kiasi fulani cha joto. Maji hayo yakishafika nyuzi sifuri, kuyageuza barafu, bila kushusha nyuzi hata moja, kunahitaji kuondoa joto sawa na la kuyashusha nyuzi 80. Kazi kubwa ya friza, basi, ni ile isiyoonekana kwenye kipimajoto, pale maji yanapogeuka yakiwa sifuri. Deni hilo hulipwa upande wa pili: barafu ili iyeyuke lazima inyonye joto lilelile kutoka kwa kilicho jirani.

Ndiyo maana samaki aina ya mbuta anafika sokoni bila kuharibika. Ukishuka Dunga asubuhi utaona mafriji mabovu yamelazwa chali, yasiyo na waya wala mota, yamejazwa samaki na barafu. Friji iliyokufa bado ni sanduku zuri, na barafu ndani yake inaendelea kunyonya joto la samaki saa baada ya saa, ikibaki nyuzi sifuri hadi kipande cha mwisho kiishe. Maji baridi yenye nyuzi hizohizo yasingefika mbali.

Na kwa nyumba isiyo na friza, barafu hiyo ya wavuvi inaweza kutengeneza aiskrimu. Hii niliifundishwa na jirani, siku ambayo stima ilipotea tangu asubuhi. Unaponda barafu kwenye ndoo, sehemu tatu, unachanganya chumvi ya kawaida sehemu moja. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya sifuri, na kwa kuwa kuyeyuka ni kunyonya joto, ndoo yenyewe huzidi kuwa baridi. Ikichanganywa sawasawa inaweza kukaribia nyuzi 21 chini ya sifuri, baridi kuliko friza nyingi za majumbani. Unatumbukiza sufuria ndogo ya maziwa yenye mfuniko, unaizungusha kwa mkono, unakwangua pembeni kwa kijiko, unazungusha tena. Kuzungusha huko huvunja vipande vya barafu visikue, ndiyo maana aiskrimu hii huwa laini kuliko ya vikombe vya mama. Watoto hugombea zamu mara ya kwanza, na hufichana ikifika mara ya kumi.

Mama, baada ya kuonja, alisema sukari imepungua. Nikamwambia asizidishe sana, kwa sababu sukari hufanya kazi ileile ya chumvi, ingawa kwa upole: huzuia maji kuganda. Ukiizidisha utapata uji baridi usioshika. Alijua. Alishawahi kuupata mwaka ambao mjomba ndiye aliyepima.

Kuna tahadhari ambazo siwezi kuziacha, kwa kuwa naishi kando ya ziwa ambalo kipindupindu kimewahi kutembelea vijiji vyake zaidi ya mara moja. Baridi haiui vijidudu kama moto unavyoua. Vingi hulala tu ndani ya barafu, vikangoja iyeyuke mdomoni. Barafu ya samaki ikae nje ya sufuria, isiguse kamwe kinachonyweka. Maji ya barafu ya juisi yachemshwe kwanza. Maziwa nayo yachemshwe hata kama yametoka kwa ng'ombe wa boma lenu mnayemjua kwa jina, kwa sababu homa ya maziwa mabichi hukaa mwilini miezi. Kijana wa Magamba aliyeweka maziwa bila kuyachemsha alishindwa mashindano, lakini kushindwa huko kulikuwa hasara ndogo. Na kikombe cha moto kisikae ubavuni mwa nyama au samaki walioganda. Kitawayeyusha upande mmoja. Mama huwatenga kwenye droo ya chini.

Usiku ule stima ilipotea saa mbili. Raundi ya tatu ya majaribio ilikuwa ndani, vikombe vinne, na shangazi akakataza mtu yeyote kufungua mlango ili baridi isitoke. Tulikaa uani na taa ya simu, mbu wakiimba, wageni wa Nairobi wakisimulia foleni ya Nakuru. Aiskrimu za mchana tulikuwa tumeshazitoa, nazo zilikuwa zimeshika vizuri. Tulizila zote kabla hazijalegea, na mama alipewa kikombe cha kwanza kwa heshima ya neno lake, "Ya moto hushika haraka." Stima iliporudi alfajiri, vikombe vinne vya majaribio vilikuwa vimeganda vyote, na hakuna aliyejua kipi kilitangulia.

Daftari bado liko juu ya friza. Kwenye mstari wa tatu, mahali pa jibu, binti yangu ameandika kwa penseli "stima", na mstari unaofuata ameuandikia Pasaka. Ameshamwomba dana asiyeyushe umande wa friza hadi atakapofunga shule.